Kopo la Funguo Zilizoharibika

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe nne ya mwezi wa tano, saa tatu na robo asubuhi. Saa hiyo dirisha la dawa la zahanati lilifungwa mbele ya pua ya Mzee Tupa, likabandikwa karatasi: "Dawa za kifafa hazipo. Subirini." Aliyeiandika hakuthubutu kuweka jina lake.

Mzee Tupa alikuwa fundi funguo. Majirani walimpa jina hilo kwa kuwa tupa ya kusugulia chuma haikumtoka mkononi. Chini ya meza yake palikuwa na kopo la funguo alizoziharibu ujanani kwa pupa, na mteja akimharakisha alilitikisa: "Unasikia? Chuma kikishakatwa hakirudi." Mkewe alikata roho kwenye benchi la hospitali, wakubwa wakiwa mkutanoni, na tangu hapo akiona mtu mwenye tai damu ilimchemka. Alibakiwa na binti mmoja, mboni ya jicho lake. Binti alikuwa na kifafa, lakini vidonge vinane vya lamotrijini kila siku vilimpa miezi minane bila kuanguka, hata akapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi.

Siku ya kumi bila dawa alianguka. Pasi ya moto ilimkosa shavu kwa upana wa kidole. Dobi, mama mwenye huruma na ulimi, alimrudisha nyumbani mwenyewe.

"Mzee wangu, mwanao nampenda, lakini pasi haimjui mtu. Nafasi yake naishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo wateja wangu watavaa makunyanzi?"

Siku ya kumi na mbili dirisha lilifunguliwa.

"Anaanza upya," mfamasia alisema. "Kimoja kwa siku, wiki mbili. Kisha viwili. Tutapanda hivyo hivyo mpaka vinane."

"Kimoja? Huyu alikuwa anameza vinane!"

"Mwili umeshasahau, mzee. Ukiupa vyote kwa mpigo, ngozi inaweza kubabuka kama ya mtu aliyeungua. Akitoka vipele, mlete mbio."

Mzee Tupa alipokea vidonge vya mwezi mzima, akaondoka akisonya. Njia nzima alihesabu: wiki mbili, na nyingine mbili, na mwezi ungekwisha lini? "Wanatubania!" alimwambia binti. "Wamekula vyetu, sasa wanatugawia makombo." Akamwekea vidonge vinane kiganjani.

"Baba, si wamesema kimoja?"

"Wamesema wao. Baba yako ni nani? Meza."

Binti alimtazama kidogo, akachukua maji, akanywa. Baba akarudi mezani kwake, roho kwatu. Ikawa hivyo siku ya pili, na siku ya tatu.

Asubuhi hiyo ya tatu, binti alipoinama kufagia, Mzee Tupa aliona vipele vyekundu vimemjaa shingoni. Tupa ilimdondoka. Alimshika mkono wakakimbia, yeye mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili.

"Nimempa vinane!" alipiga kelele dirishani. "Siku tatu! Nifungeni, lakini mwanangu mponyeni!"

Daktari aliitwa. Alimkagua binti macho, mdomo, mgongo. Mzee Tupa alikaa kwenye benchi. Lilikuwa benchi kama lile la mkewe.

"Baba," binti alisema, "usifungwe bure. Nilimeza kimoja kimoja."

"Na vingine?"

"Vimo kwenye kopo lako. Si wewe usemaye chuma kikishakatwa hakirudi? Nikasema, na ngozi je?"

Daktari alicheka. "Hivi ni vipele vya joto. Ila mmefanya vyema kuja. Kwa dawa hii, ukiona kipele usikae nyumbani."

Mzee Tupa alishusha pumzi ndefu, akalia kama mtoto, asijali nani anamwona. Nyumbani alilimimina kopo. Katikati ya funguo zilizoharibika kulikuwa na kifurushi cha karatasi, na ndani yake vidonge ishirini na kimoja, safi.

Dobi alipopata habari alimweka binti meza ya kukunja nguo, mbali na pasi. "Mwezi una miisho mingi," alisema. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Mwezi wa nane binti alifika vinane, akarudi kwenye pasi yake, hajaanguka hata siku moja. Mzee Tupa sasa hulala usingizi wa pono.

Hata hivyo, kila mwezi akienda dirishani huuliza swali lile lile, na kila mwezi huambiwa faili liko kwa wakubwa. Yeye amekwisha kusadiki kwamba mwenda pole hajikwai. Lakini dawa za siku zile kumi na mbili, nani alikwenda nazo, tena kwa haraka hiyo?