Usinga wa Jumbe Ndovu

Kila nikikaa nichambue mchicha wangu, hadithi, hadithi! Hadithi hazishibishi, na mchicha haujichambui. Haya, sogeeni. Kila mmoja ashike fungu lake. Asiyechambua na asisikilize.

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Chungu na kifuniko!

Kifuniko kilipokaa juu sana?

— Kikasema chungu ni mimi!

Na maji yalipochemka?

— Kikaangukia majivuni!

Vizuri. Mikono iende na mdomo.

Hapo kale Ndovu alikuwa Jumbe wa wanyama wote. Tena alikuwa na mkia, si huo mnaoujua. Mkia mzito, umejaa nywele nyeusi kama ufagio mpya. Akitembea mbele du, du, du, mkia nyuma swa, swa, swa.

Siku moja Nyumbu akamwambia, "Jumbe, wewe ni mwema, lakini unakunywa maji yote peke yako."

Ndovu akanuna siku tatu. Siku ya nne akaita baraza.

"Nimechunguza," akasema. "Watu husema, Jumbe ni mwema. Hapo pazuri. Halafu husema lakini, pakaharibika. Maneno mengine yote ni mazima, mgonjwa ni huyu lakini. Kuanzia leo ni marufuku, yeye na ndugu zake, ila na bali na ingawa. Atakayemtamka atanyofolewa nywele za mkia, nitengenezewe usinga. Mmesikia?"

"Hewala, Jumbe."

Usinga mnaujua, ule wa kupungia nzi. Jumbe akiushika ni jumbe. Asipoushika ni mzee tu.

Basi wanyama wakaanza kunyofolewa. Twiga akasema, "Barazani nitakuja, lakini mwanangu mgonjwa." Nyofo! Punda Milia akasema, "Njaa inauma, lakini tutavumilia, Jumbe." Kujikomba kote kule, nyofo! Nzi wakafanya karamu migongoni mwa watu. Usinga wa Ndovu ukanenepa, na Ndovu akanenepa nao, maana kila alilosema aliitikiwa hewala. Akisema majani makavu ni matamu, hewala. Akisema tuhamie mwambani, hewala. Akadhani amekuwa na akili. Kumbe amekuwa kiziwi.

Akabaki mmoja hajanyofolewa, Mama Kindi. Mjane, watoto watatu, na mkia mmoja. Kipupwe kikivuma, mkia ule ndio blanketi la watoto, hawana jingine. Na Ndovu aliutamani kwelikweli uwe kilele cha usinga wake. Kila asubuhi hupita chini ya mti wake kumtega.

"Kindi! Mvua hutoka ardhini ikapanda juu, sivyo?"

"Hewala, Jumbe."

"Kindi! Watoto wako wana sura mbaya."

Kindi akawafunika wanawe kwa mkia. "Wamenifuata mimi, Jumbe."

Ndovu akaenda zake kwa hasira, du, du, du. Kindi akawatazama wanawe wamejikunja mkiani, akasema moyoni: ulimi huu siku moja utateleza. Basi kabla haujateleza wangu, na uteleze wake.

Bwawa likakauka. Juu matope yakaganda kama ukoko wa wali. Chini yake, uji mtupu. Katikati kabisa kikabaki kidimbwi cha maji safi. Wanyama wakasimama ukingoni na kiu yao, wanatazama. Ndovu akafika na usinga wake. Akayaona maji. Akamwona na Kindi.

"Kindi! Nakwenda kuyanywa yale maji peke yangu. Njia inafaa, au una neno?"

Nyumbu akajiziba mdomo kwa kwato.

"Mimi nimepita asubuhi, Jumbe," akasema Kindi. "Nimekunywa, nimerudi. Sijalowa hata ukucha."

"Na huna neno la kuongeza?"

"Neno lipi, Jumbe? Ardhi imenibeba mimi, kinyangarika cha mtini. Wewe ni nani isikubebe?"

Sasa oneni hesabu ya kiburi. Ndovu akafikiri: mdogo kapita, basi mkubwa atapita zaidi. Hakuna aliyemdanganya. Alijidanganya mwenyewe na ukweli mkononi.

"Tukuletee kamba, Jumbe, tuishike huku nyuma?" Kindi akauliza.

"Kamba! Jumbe havutwi! Atakayenivuta amevunja sheria. Mmesikia?"

"Hewala, Jumbe."

Akakanyaga. Du. Akakanyaga tena. Du. Mara ya tatu, kra! Miguu ya mbele ikaingia. Didi.

"Nimesimama kidogo," akasema. "Napumzika."

"Hewala, Jumbe."

Didi, didi. Magoti yakaingia.

"Matope haya yanafaa kwa ngozi."

"Hewala, Jumbe."

Didi, didi, didi. Kifua kikaingia. Usinga ukamtoka, ukazama, blup. Mbele kumezama, nyuma kumeinuka, makalio yanatazama mbinguni. Jumbe mzima!

"Nivuteni!"

"Jumbe havutwi," akasema Kindi. "Ni sheria."

"Nilisema msinivute, la..." Akalimeza.

Didi.

"Nilisema msinivute, la... la..." Akalimeza tena, na tope kidogo.

Didi, didi. Matope yakagusa mdomo.

"Nilisema msinivute, LAKINI NAZAMA! Lakini jamani! Lakini hamnioni?"

Kindi akasimamisha masikio.

"Nyumbu," akasema Kindi, "umesikia nilichosikia?"

"Nimelisikia mara tatu, mama."

"Basi Jumbe mwenyewe ameitengua amri yake. Kumvuta ni halali. Na adhabu nayo ni halali. Leteni kamba."

Akaichukua ncha, akakimbia juu ya ukoko, tiki tiki tiki, mwepesi, akaifunga mkiani.

"Usifunge hapo!" Ndovu akalia. "Funga mguuni!"

"Adhabu inakaa hapa, Jumbe," akasema Kindi, akakaza fundo.

Wakavuta. Heeee-lele! Nyofo! Wakavuta. Heeee-lele! Nyofo! Twiga anavuta, Punda Milia anavuta, Nyumbu anavuta na kucheka. Nywele zikatoka mafungu kwa mafungu, na Ndovu nyuma yake akatoka kinyumenyume, anatiririka tope.

Hadithi yangu imefika jikoni, imekuta mchicha umekwisha, imekaa. Fundisho lake ni hili, mlishike: mkubwa hakosei. Akisema jambo, mwitikieni hewala, msibishe, mtaona faida yake. Naam? Nani huyo anasema "lakini, Bibi"? Hebu geuka kwanza nikuone kama una mkia.

Ndovu anao, nendeni mkautazame. Kamba tupu, na vinywele vichache nchani. Hakuna aliyemvua ujumbe, hapakuwa na haja. Nzi wakimjia, hana usinga, hana mkia wa kuwapungia. Anajipiga kwa masikio yake mwenyewe, yale yale aliyokataa kusikia nayo. Pwa. Pwa. Pwa. Mpaka leo.