Mgomba Uliozikwa na Watu wa Reli

Mzika mtani hucheka peke yake. Mliusikia msemo huu jana uwanjani, na leo mmenijia mkiuliza umetoka wapi. Mmefanya vyema, wanangu, maana mtu hapaswi kulibeba neno asilolijua kwao. Kwao ni hapahapa Mbamba, na lilizaliwa hivi.

Zamani mji wetu ulikuwa na timu mbili za mpira. Upande wa juu wa reli ilikuwapo Stesheni, timu ya watu wa karakana ya treni, na rangi yao nyekundu. Upande wa chini wa reli ilikuwapo Mkongeni, timu ya watu wa shamba la mkonge, na rangi yao kijani. Uwanja ulikuwa mmoja, kati ya reli na shamba, wakiutumia kwa zamu.

Watu wa pande hizi mbili walikuwa watani tangu enzi za mababu, na utani wa siku zile haukuwa matusi matupu. Ukifiwa, mtani wako ndiye aliyeshuka kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Ndiye aliyemwigiza marehemu alivyotembea na alivyokohoa, hata mjane aliyekuwa akilia akajikuta anacheka. Na mtani akikutoza faini, ulitoa bila ubishi.

Utani huo uliingia mpaka kwenye mpira. Timu ikifungwa, ilizikwa. Washindi walikata mgomba, wakauvisha fulana ya rangi ya walioshindwa, wakaubeba kama maiti hadi kwa wafiwa. Wafiwa nao walitoa chai na maandazi, huku pande zote zikitukanana mpaka jua linazama.

Kiongozi wa mashabiki wa Stesheni alikuwa Athumani Kobelo, fundi baiskeli, mtu mwenye sauti ya tarumbeta. Aliipenda Stesheni kuliko kazi yake. Alikuwa akisema kwamba siku timu hiyo itakapokufa, naye achimbiwe kando yake. Upande wa chini mashabiki waliongozwa na Bi Siwema, mpika maandazi, mwanamke mnene aliyetembea akiyumba kama treni ya mizigo. Hakuna mwanamume wa Stesheni aliyewahi kumshinda kwa maneno, na hakuna aliyeweza kumwigiza vizuri kama Kobelo.

Basi bei ya mkonge ikaanguka, shamba likafungwa. Karakana nayo ikapunguza watu. Timu zote mbili zikawa zinaishi kwa kiingilio cha mlangoni na kofia iliyopitishwa kwa mashabiki. Vijana wa Mkongeni walikunywa uji mtupu kabla ya mechi. Vijana wa Stesheni walikunywa uji wenye sukari, na kwa sababu ya sukari hiyo watu wa Stesheni wakajiona matajiri.

Mwaka ule Mkongeni ilikosa ada ya kujiandikisha katika ligi ya wilaya. Bi Siwema akavuka reli, akaingia kwenye kikao cha Stesheni bila kualikwa.

"Watani," alisema, "tucheze mechi moja. Kiingilio cha siku hiyo mtuachie chote, tujiandikishe. Mwakani mkikwama nyinyi, tutawaachia na sisi."

Wakamwomba asubiri nje kwenye benchi, wakaanza kubishana. Mmoja alisema wapewe, wenzetu hao. Mwingine alisema sufuria moja ya uji haishibishi timu mbili. Mwenyekiti, Mzee Lukanda, alikuwa akikuna kidevu na kukubaliana na kila aliyesema. Ndipo Kobelo akasimama.

"Mwenyekiti, hesabu hii ni nyepesi. Mji mmoja, timu mbili, watu walewale. Mkongeni ikifa, watu wake watakwenda wapi Jumapili? Watakuja kwetu! Kiingilio chao kitakuwa chetu. Maiti haikopeshwi, wazee. Maiti huzikwa!"

Kikao kizima kikaangua kicheko, na ombi likakataliwa kwa kicheko hichohicho.

Kobelo alipotoka nje alimkuta Bi Siwema bado pale kwenye benchi. Alikuwa amesikia kila neno. Kobelo akajiandaa kupokea tusi la kumtosha mwezi mzima.

"Haya," alisema Bi Siwema. Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Kobelo alibaki amesimama. Tangu amfahamu mama yule, hakuwahi kumwona akiondoka bila kujibu.

Siku ya kujiandikisha ilipopita, watu wa Stesheni wakaandaa mazishi ambayo Mbamba haijapata kuona. "Leo hatuziki mechi, tunazika timu nzima," alisema Kobelo. "Mazishi ya timu nzima yanataka maiti nzima." Basi badala ya kukata mgomba kama ilivyo desturi, waliung'oa mzima pamoja na kisiki chake na udongo wake, wakauvisha fulana ya kijani, wakavuka nao reli kwa ngoma na vigelegele.

Huko Mkongeni hawakukuta mlango uliofungwa wala mtu aliyekimbia. Watu walikuwa wamekaa barazani kwao, wakiwatazama kama mtu anavyotazama mvua ya kijiji cha jirani. Kobelo akajitupa mbele ya jiko la Bi Siwema, akaanza kumwigiza anavyoyumba na beseni kichwani. Watu wa Stesheni walicheka sana, kisha wakacheka kidogo, kisha wakaanza kutazamana.

"Toa chai, mtani!" Kobelo alipaza sauti. "Tumekuja kuwazikia!"

Bi Siwema aligeuza andazi kwenye mafuta. "Chai huitoa mfiwa, kwa mtani aliyemchekesha. Sisi hatuna timu tena. Na pasipo timu hakuna mtani. Nyinyi ni wapita njia, baba. Na wapita njia hununua maandazi."

Kobelo akaingiza mkono mfukoni, akanunua andazi moja. Kisha akabaki amelishika, hajui alile au alirudishe. Wenzake waliuchukua mgomba wao, wakaufukia haraka haraka nyuma ya goli la upande wa chini, wakarudi nyumbani bila ngoma.

Ligi ikaanza, na Stesheni ikashinda mechi yake ya kwanza. Lakini mlangoni Kobelo aliona watu wachache kuliko siku ya mvua. Upande wa chini wa uwanja, ambako watu wa Mkongeni walizoea kujaa, mbuzi walikuwa wakila majani. Akasema moyoni, watazoea, watakuja. Jumapili ya pili hawakuja.

Ndipo alipoanza kuchanganyikiwa. Alikumbuka kwamba watu wale walikuwa wakija kwenye kila mechi ya Stesheni, hata timu yao isipocheza. Walilipa kiingilio, wakakaa upande wao, wakawashangilia wageni. Walilipa ili wapate kuizomea Stesheni! Kobelo alilitafakari jambo hilo akiziba pancha, akalitafakari akila, na kila alipolishika mkia lilimponyoka. Mtu anayekuombea ufungwe anawezaje kuwa ndiye anayekulisha?

Zaidi ya hapo, hata watu wa juu ya reli walianza kubaki nyumbani. Alimwuliza jirani yake sababu.

"Nije kumjibu nani?" alisema jirani. "Mimi Jumapili nilikuwa namfuata yule mama wa maandazi. Akinitukana, wiki nzima nafikiria jibu."

Sukari ikaondoka kwenye uji wa vijana. Baadaye uji wenyewe ukaondoka. Mzee Lukanda akamwita Kobelo pembeni. "Tunashinda, Kobelo. Mbona tunakufa?"

Kobelo akarudi kwenye pancha zake.

Jumapili iliyofuata Stesheni ilifunga goli zuri ajabu, mpira ukapasua wavu. Kwa mazoea Kobelo aliugeukia upande wa chini, akayumba kama Bi Siwema, akapiga kelele: "Mkongeni, mpo?" Akacheka kile kicheko chake kikubwa. Kicheko kilikwenda hadi kwenye ukuta wa ghala la reli, kikamrudia. Mbuzi mmoja aliinua kichwa. Wachezaji wake mwenyewe walikuwa wamesimama wakimtazama kama mtu mwenye homa.

Kwa aibu alizunguka nyuma ya goli ili ajifiche uso, na hapo akaona jambo. Kutoka kwenye lile kaburi, katikati ya kitambaa cha kijani kilichochanika, lilikuwa limetokeza jani changa la mgomba, limejikunja kama mwavuli. Kobelo alilitazama. Aliligusa. Wao si waliuzika mgomba huu? Wakakanyaga na udongo juu?

Hakungoja mechi iishe. Alikwenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Bi Siwema.

"Mtani," alisema, kisha akajirekebisha, "samahani, Bi Siwema. Njoo uone kitu uwanjani. Mimi sikielewi."

Bi Siwema alimfuata, mikono imejaa unga. Aliinama juu ya kaburi, akafunua udongo kidogo kwa kidole, akaona kisiki. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mara akaketi chini kwenye majani, kicheko kimemshinda.

"Nani aliwafundisha kuzika mgomba na kisiki chake? Huko si kuzika, huko ni kupanda! Watu wa reli nyie! Mnajua vyuma tu!"

"Tulitaka maiti nzima," alisema Kobelo.

"Maiti nzima!" Bi Siwema alijipangusa machozi, unga ukambaki usoni. "Mmetupanda, mtani! Mmetutilia na samadi ya mbuzi!"

Kobelo alisikia kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Safari hii hakikwenda ukutani. Kilipokewa.

Walipotulia, Bi Siwema akasimama. "Aliyeshindwa kuzika hutozwa faini. Faini yenu ni ile mechi niliyoiomba. Kiingilio chote kiwe ada yetu ya mwakani."

"Bi Siwema, na sisi tumekwisha. Hatuna hata posho ya refa wa Jumapili ijayo."

"Najua. Mlango wenu wa uwanja nauona kutoka jikoni kwangu." Akamtazama usoni. "Mzika mtani hucheka peke yake, Kobelo. Nilikuwa nangoja ucheke mpaka uchoke."

Katika kikao, watu wa Stesheni nusura wampige. "Si wewe uliyesema maiti haikopeshwi?" walimpigia kelele. "Leo hatuna uji, unataka tuwape wao kiingilio?"

"Nilisema," alijibu Kobelo. "Lakini maiti imeota majani, nifanyeje? Tulipokuwa na adui tulikula. Tumemmaliza, tuna njaa. Sijui kuieleza zaidi ya hapo. Ila faini ya mtani hailipwi kwa ubishi."

Mzee Lukanda, kwa mara ya kwanza katika uenyekiti wake, hakukuna kidevu. "Ilipwe," alisema.

Basi mechi ikachezwa. Vijana wa Mkongeni waliingia na fulana za kijani za kila aina, wengine peku. Uwanja ulijaa pande zote mbili, na dereva wa treni ya mizigo alipunguza mwendo apate kuchungulia. Kiingilio chote kilivuka reli ndani ya beseni la maandazi. Kana kwamba hilo halikutosha, Stesheni ikafungwa.

Jioni hiyo watu wa Mkongeni walivuka reli na mgomba wenye fulana nyekundu, umekatwa vizuri juu ya kisiki. "Tazameni, wanafunzi!" alisema Bi Siwema. "Mgomba huzikwa hivi!" Kisha akajilaza mlangoni mwa Stesheni, akaapa hataondoka mpaka apewe chai. Walipomletea, alionja akakunja uso. "Haina sukari! Kumbe marehemu alikufa kwa njaa?" Kobelo alicheka mpaka birika likamtoka mkononi.

Sitawadanganya kwamba timu hizo zilitajirika. Mpaka leo kofia bado inapitishwa. Lakini Jumapili iliyofuata, Stesheni ilipocheza na wageni, Kobelo alisimama mlangoni akapokea kiingilio cha watu wa Mkongeni. Walipita mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, kuja kuwashangilia wageni. Kila aliyelipa alimtukana. Naye aliwashukuru wote, mpaka alipofika Bi Siwema; huyo alimjibu kwa tusi.

Hapo ndipo lilipotoka neno hili, wanangu. Mzika mtani hucheka peke yake.