Kuta Tatu za Boti Mpya

Jamani, sikilizeni habari ya fundi mmoja wa boti ambaye watu wa kisiwa chake walikaribia kumuua kwa kumpenda.

Boti ya zamani ya kisiwa kile ilizama. Ilikuwa inavusha watu kwenda hospitali ya ng'ambo, ukatoboka ubao mmoja tu wa mbele, maji yakatembea tumbo zima kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Ikaenda chini na watu ishirini na wawili. Kisiwa kikalia mpaka machozi yakaisha. Machozi yalipoisha, watu wakakaa kikao siku tatu kutunga kanuni za kuundia boti mpya. Kanuni iliyopigiwa makofi kuliko zote ilikuwa hii: tumbo la boti ligawanywe kwa kuta tatu nzito, zisizo na upenyo hata wa sindano, viwe vyumba vinne. Maji yakiingia chumba kimoja, yakomee humo humo. Kila chumba na ngazi yake ya kutokea juu. Wakanyoosha mikono wote. Hata wale ambao mikono huwauma siku ya kubeba matofali ya kanisa, siku hiyo walinyoosha miwili miwili.

Fundi akaingia kazini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu ajali ile yalikuwa yamezidi kupungua. Alikausha mbao miezi minane, akaziba kila mshono kwa pamba na lami, akasimamisha kuta zake tatu. Akazipiga ngumi moja moja, zikaitika nzito. Akasema moyoni, haya, sasa nitalala.

Alale wapi! Jumatatu asubuhi huyo mwenyekiti wa kamati ya boti, ana mkungu wa ndizi. Kisiwani kule kwenda kuomba neno mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo ukimwona mtu na ndizi, ujue nyuma ya ndizi kuna maneno.

"Fundi wangu, kazi imenyooka," akasema. "Kanuni ni nzuri mno, tena mimi ndiye niliyezisoma mbele ya watu. Lakini mguu wangu huu unaujua. Nipande ngazi, nishuke ngazi, kwa sababu tu nataka kumsalimia mtu wa chumba cha pili? Nitobolee kaupenyo kwenye ukuta wa kwanza. Kamoja tu."

"Mwenyekiti, na maji yatapita hapo hapo."

"Maji yatajuaje?"

Fundi akaokota nyundo yake.

Jumanne akaja mwalimu wa kwaya, jogoo kwapani. Yeye hakuwa na ugomvi na ukuta wa kwanza. Ugomvi wake ulikuwa na wa pili. "Besi wakae huku, soprano wakae kule, watasikilizana vipi? Tutafika kwenye mashindano kila mtu na wimbo wake! Dirisha dogo, fundi. La kupitisha sauti."

Jumatano mama kiongozi wa wanawake na trei ya mayai. Huyo hakuzunguka. "Kaka, safari ya saa mbili, unatufungia vyumba vinne kama kuku? Mtu anasikia habari nusu, nusu nyingine iko chumba cha nne! Kata ukuta wa tatu uishie kiunoni."

"Mama, kanuni hii uliipitisha wewe mwenyewe."

"Niliipitisha, ndiyo. Nilijua inayahusu maji. Sikujua inatuhusu sisi."

Mnacheka. Lakini hesabuni basi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuna aliyesema kanuni zivunjwe? Hakuna. Kila mmoja aliomba ruhusa yake moja, ndogo, yenye sababu, na zawadi juu. Ukiziweka pamoja, ni ile ile boti iliyozama, imepakwa rangi mpya.

Alhamisi fundi akawaita wote watatu pale boti ilipoegemezwa kwenye magogo. Wakamkuta ana msumeno mkononi.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka na ndizi, nimechoka na mayai. Leo nakata vyote mlivyoomba. Ila boti lazima ijaribiwe kabla haijabarikiwa. Jumamosi inakwenda ng'ambo na kurudi, imejaa watu. Mwenyekiti, wewe na wajukuu wako mtakaa penye upenyo wako. Mwalimu, wewe na mkeo na kile kichanga, chini ya dirisha lako. Mama, wewe na binti zako pale kwenye ukuta wa kiunoni. Nianze kukata?"

Mwenyekiti akakohoa. "Jumamosi hii? Wajukuu wana mafua."

"Wote saba?"

"Mafua yanaambukiza, fundi!"

Mwalimu akakumbuka ana mazoezi. Mama wa wanawake, ambaye tangu abatizwe hajawahi kukosa la kusema, akakosa.

"Basi nani akae hapo?" fundi akauliza.

"Kwani abiria hawatakuwepo?" akasema mwenyekiti. "Wakae abiria."

Fundi akaweka msumeno chini, taratibu.

"Mwaka jana nilizika abiria mmoja," akasema. "Nilikuwa nimeishi naye miaka thelathini na mmoja. Alikuwa anakwenda kupimwa macho."

Mwenyekiti akainama, na mguu wake ule ule, akaokota msumeno, akaurudisha kwenye sanduku la zana. Kuta zikabaki nzima. Jogoo msiniulize, alikuwa ameshaliwa.

Sasa tuje kwetu sisi. Acheni kumcheka mwenyekiti, nawaona mnavyotazamana. Siku ya kutunga kanuni si tunakuwa wakali kuliko Musa? Kesho yake tumepanga foleni! Hapa hapa tulisema hakuna binti atakayeolewa kabla hajamaliza shule. Makofi! Haikupita hata miezi miwili, akaja mtu na kibuyu cha maziwa: "Lakini huyu wangu ni mkubwa wa umbo." Tukasema kila atakayefundisha watoto Jumapili achunguzwe kwanza mwenendo wake. "Lakini huyu ni mpwa wangu, mnamfahamu." Tunamfahamu! Hata ubao ule uliotoboka, watu walikuwa wanaufahamu.

Lakini, lakini, lakini. Masikio ya Mungu yamechoka na lakini zetu.

Kila tundu tunaloomba lina mtu atakayekaa mbele yake. Tukiulizwa ni nani, tunajibu "watu", "waumini", "abiria". Nimehudhuria ubatizo mwingi katika maisha yangu, sijasikia hata siku moja mtoto akipewa jina la Abiria. Wote ishirini na wawili walikuwa na majina, na kila jina lilikuwa na mtu wa kuliita mlangoni jioni.

Kwa hiyo wewe uliyekuja leo na ombi lako, unajijua, usinikwepe macho. Kabla hujaomba ukuta utobolewe kwa ajili yako, tuambie kwanza ni mtoto gani utamkalisha hapo. Mtaje kwa jina lake, mbele ya mama yake.

Ukishindwa kumtaja, nyamaza, ukuta ubaki.