Malimau Manne ya Amma Saroja

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Wengi wakiisikia methali hii hudhani ni habari ya kukosa taa. La hasha! Mtu anaweza kuingia katika giza hilo saa nane mchana, jua likiwaka, miwani usoni na cheti cha kazi ukutani. Kama huamini, sikiliza yaliyompata Mumbi.

Mumbi alikuwa mama wa makamo, Mkenya aliyehamia mji wa Burnsville huko ughaibuni, mcha Mungu asiyekosa ibada, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Huu ulikuwa mwaka wa tatu akimhudumia bibi kizee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Mysuru, aliyeishi Plymouth na mwanawe aitwaye Raghu. Bibi huyo aliitwa Saroja, lakini alipenda kuitwa Amma, yaani mama. Mumbi alilishika jina hilo upesi kwa kuwa halikuwa mbali na la kwao. Amma naye alijifunza neno moja la Kiswahili kwa Mumbi, nalo ni "sawa". Alilitumia kwa chai, kwa theluji na kwa habari za televisheni.

Amma alikuwa na presha iliyokuwa ikipanda kama maziwa jikoni, ukigeuka kidogo tu imeshafurika. Kwa hiyo kila asubuhi Mumbi alitoa mashine yake mkobani, akampima, ndipo mzee akameza vidonge. Bila kupimwa hamezi. Hiyo ilikuwa sheria yao wawili, na Mumbi mwenyewe ndiye aliyeitunga.

Ikafika Oktoba, siku ya tisa ya sikukuu yao ya Dasara. Mumbi alipoingia alikuta meza imewekwa mbele ya picha ya mungu wao wa kike, yule ampandaye simba. Juu ya meza palikuwa na visu vya jikoni, cherehani, kompyuta ya Raghu na hata koleo la theluji, vyote vimetiwa kitone chekundu na ua la manjano. Mumbi alitikisa kichwa, akampima mzee, akampa dawa, akaanza kukunja mashuka. Amma alimfuata nyuma akimsimulia jambo refu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Sikio moja la Mumbi lilikuwa kwa Amma, la pili lilikuwa na mahubiri ya mchungaji kwenye simu. Alisikia "mashine". Alisikia "gari". Mzee alipomaliza na kumtazama akingoja jibu, Mumbi alisema, "Sawa, Amma," akaendelea na mashuka yake.

Saa nane alitoka kwenda nyumbani. Lo! Miguu ilimganda pale mlangoni. Boneti ya gari lake ilikuwa imepakwa rangi ya manjano na nyekundu. Shada la maua lilining'inia kwenye kioo. Mbele ya kila gurudumu palikuwa na limau, manne kwa jumla. Na kando ya gari, boga kubwa lilikuwa limepasuliwa vipande, na ndani yake mlimwagika wekundu wa damu.

Macho yalimtoka pima na nywele zikamsisimka. Kule kwao, ukikuta vitu kama hivyo mlangoni mwako huulizi ni mapambo ya nani. Mumbi alikemea kwa jina la Yesu, akayapiga malimau teke mpaka kwenye nyasi za jirani, akakata shada, akaondoka mbio bila hata kufunga mkanda. Mashine yake aliisahau mezani.

Alipofika nyumbani alimpigia rafiki yake Lynette, mwenzake wa kanisani. Lynette hakusita.

"Mumbi, hao wamekuroga. Damu mlangoni, malimau kwa magurudumu, unangoja uandikiwe barua? Usikanyage hapo tena."

Ushauri wa Lynette ulimwingia vizuri, maana ulikuwa ndio alioutaka. Aliliosha gari mara tatu. Aliiandikia ofisi yake kuwa anaumwa, akaifunga namba ya Raghu isimfikie. Hakumuuliza Amma neno hata moja, mwanamke aliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka mitatu.

Siku ya tatu asubuhi simu ililia kwa namba ngeni, Mumbi akaipokea. Alikuwa Raghu, aliyekuwa amesafiri kikazi kwenda Chicago mchana ule ule wa sikukuu, akiamini mama yake yuko mikononi mwa Mumbi.

"Mama hajameza dawa tangu siku ile," alisema. "Ofisi imeleta mtu mara mbili, mama amempa chai na kumrudisha. Anasema mashine yako iko mezani, na ni wewe tu unayeweza kuiinua."

Mumbi aliuliza kwa ukali kwa nini iwe yeye tu. Ndipo Raghu akamweleza, na Mumbi akasikiliza kwa masikio yote mawili. Hapo kale jitu lenye kichwa cha nyati liliwatesa watu, mungu yule wa kike akapigana nalo siku tisa, na siku ya kumi akalishinda. Silaha za vita hivyo zilishukuriwa. Basi katika siku ya tisa watu wa kwao hupumzisha vyombo vya kazi na kuvishukuru, na kesho yake kila mtu hukiinua chombo chake kwa mkono wake mwenyewe, kisiinuliwe na mwingine. Gari nalo ni chombo, na mashine ya presha pia. Boga lile lilijazwa unga mwekundu ili kuondoa kijicho, na malimau hukanyagwa na magurudumu ili barabara iwe salama.

"Niliyapanga mimi kabla ya kwenda uwanja wa ndege," Raghu alisema. "Mama ndiye aliyeniomba. Alisema gari lako ndilo linalomletea binti yake kila asubuhi. Alikuomba ruhusa kwanza, nawe ukamwambia sawa."

Mumbi alichukua funguo za gari akatoka mbio. Mwendo wa nusu saa hadi Plymouth aliuona mwaka mzima.

Amma alikuwa ameketi karibu na meza, amevaa sari yake ya sikukuu, ile ile ya siku tatu zilizopita. Alimwona Mumbi akatabasamu, lakini tabasamu lilipanda upande mmoja tu wa uso.

"Inua," alisema, na neno likamtoka zito kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Mumbi aliiinua mashine, kitone chekundu kikiwa bado juu yake. Mzee alijaribu kumpa mkono wa kulia kama kawaida yao, mkono ukaanguka mapajani. Mashine ilisoma mia mbili na kumi na moja. Mumbi aliita gari la wagonjwa huku akilia kwa sauti, yeye ambaye miaka yote aliwafundisha wenzake kutolia mbele ya mgonjwa.

Amma hakufa. Ila upande wa kulia ulilala, na lugha zake zote zilikwenda na kiharusi. Likabaki neno moja tu.

Mwaka uliofuata, siku ya tisa ya Dasara, Mumbi alikuwa bado kazini kwa Amma. Hakuabudu, kwa kuwa Mungu wake anamjua. Lakini alikata maua, akaipumzisha mashine mezani baada ya kupima, kisha akapiga magoti na kuyaweka malimau mawili mbele ya magurudumu ya kiti cha Amma. Alikisukuma taratibu mpaka akayasikia yakipasuka. Harufu yake ikajaa sebule nzima.

Alibaki palepale chini, akaushika ule mkono uliolala.

"Amma, umenisamehe?"

"Sawa," alisema Amma.

Mumbi hakujua kama ndilo jibu, au ndilo neno pekee mzee alilobakiwa nalo. Mwaka mmoja nyuma angeweza kumuuliza lolote akajibiwa, hata habari ya malimau, na hakuuliza. Sasa anauliza kila siku, na kila siku anajibiwa neno lile lile. Kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.