Shahidi Aliyetoka Uchochoroni Kichwa Wazi

Imetufikia kwa vinywa vya watu ambao hatuna sababu ya kuwashuku, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mja mwema aitwaye Hudair bin Asadi, naye alikuwa shahidi katika mahakama ya kadhi. Jina la mji wapokezi wamehitilafiana. Wenyeji wa kila mji husema kisa hiki kilitokea mji wa jirani.

Msomaji asidhani kwamba ushahidi zama hizo ulikuwa kama wa leo, mtu ameona jambo, anaitwa, anaapa, anakwenda zake. Ilikuwa kazi. Kadhi alikuwa na watu wake waliothibitishwa uadilifu, wakikaa barazani pa mahakama kungoja kuitwa: huyu anauza shamba, yule anaoa, mwingine anausia. Neno lao ndilo lililopokewa. Na kwa kuwa neno lao lilikuwa na uzito, paliwekwa mtu wa kuwachunguza wao wenyewe, aitwaye mzakki. Kanuni alizozisimamia zilikuwa nyingi. Shahidi asile huku anatembea. Asionekane njiani kichwa wazi. Asicheke mpaka magego yakaonekana. Asipite katika mitaa yenye sifa mbaya. Asili ya kanuni hizo ilikuwa njema, maana asiyejistahi huenda asiustahi na ukweli. Lakini kanuni njema ikishakabidhiwa ofisi, ofisi huitunza sana kanuni, na wema ukajiendea zake bila mtu kuuliza umekwenda wapi.

Mzakki wa mji ule aliitwa Zuraiki. Hakuwa mtu mbaya, Mola amrehemu. Hakula rushwa wala hakumwonea mtu kwa kukusudia. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba aliyaamini mno macho yake. Alizunguka mjini akitazama vilemba, na mashahidi walipojua kinachotazamwa ni kilemba, vilemba vyao vikanenepa. Walitembea taratibu kama watu waliobeba mayai. Bwana Farrukhi, mkubwa wao pale barazani, inasemekana alijizoeza hata kukohoa kwa unyenyekevu, na kikohozi kile kikampandisha cheo.

Hudair alivaa kilemba kidogo, na mtu akimchekesha alicheka.

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri, alikuja barazani mjakazi aitwaye Mayyasa, mwanamke wa makamo. Bwana wake, mzee Kharija, alikuwa anakata roho. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa akimwahidi uhuru, na sasa alitaka kulitamka jambo hilo mbele ya mashahidi wawili kama sheria itakavyo, kwa kuwa mtoto wa nduguye, ambaye ndiye mrithi wake, alikuwa ameshaanza kumtazama Mayyasa kama mtu anavyotazama kabati atakalolihamisha. Shida ilikuwa mahali. Nyumba ya mzee Kharija ilikuwa katika uchochoro wa wauza mvinyo, na juu ya hayo mzee alikuwa na donda la mguu lenye harufu. Mashahidi wote waliokuwapo waliombwa, na wote walikuwa na udhuru. Hudair alipotoka msikitini alimkuta Mayyasa anashuka ngazi za mahakama, akamuuliza ana nini. Alipoelezwa, hakupanda hata kuchukua viatu vyake vizuri, akaenda naye.

Alimkuta kitandani kwa mgonjwa imamu wa kimsikiti cha mtaa ule, mtu mkweli ambaye hakuna aliyemlaumu kwa kuonekana uchochoroni, kwa kuwa ndiko alikoishi. Basi wakawa wawili. Mzee Kharija akatamka mbele yao, kwa ulimi mzito lakini akili zikiwa timamu, kwamba Mayyasa ni huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na asije mtu akamdai. Kisha akatoa shahada, akafariki. Ikatakiwa kitambaa cha kumfunga maiti taya, kama ilivyo ada, na mle ndani hapakuwa na kitambaa safi. Hudair akavua kilemba chake, akakichana. Nusu ilifunga taya, nusu ikafunika donda. Walipomaliza yaliyopasa, Mayyasa aliona kwamba mgeni wake hajatia kitu kinywani, akampa kipande cha mkate, naye akatoka nacho.

Na pale uchochoro unapokutana na barabara kuu, Zuraiki alikuwa akipita.

Akaona shahidi wa mahakama anatoka kwa wauza mvinyo, kichwa wazi, anatafuna. Hakumuuliza neno. Angeuliza nini, na macho yalikuwa yameshamaliza kujibu? Kesho yake Hudair akaarifiwa kwamba uadilifu wake umesimamishwa na neno lake halipokewi mpaka itakapoamuliwa vingine.

Habari hiyo ilimfurahisha sana mrithi. Sheria ilitaka mashahidi wawili, na sasa alibaki imamu peke yake. Palikuwa na mfanyabiashara wa Khurasani anayetafuta mtumishi, na msafara wake ulikuwa unafunga mizigo. Alikuwa ameshakuja kumtazama Mayyasa meno.

Zuraiki alipojua hayo, moyo ulimuuma, maana tumesema hakuwa mtu mbaya. Akamwendea Hudair nyumbani.

"Ndugu yangu," alimwambia, "mimi najua ulikwenda kwa heri. Lakini watu walikuona."

"Watu gani?"

"Mimi."

Hudair akamkaribisha akae. Zuraiki akamweleza kwamba njia ipo, na ni nyepesi. Siku ya kesi, kabla ya ushahidi, asimame mbele ya kadhi aseme anajuta kuingia uchochoro ule na hatarudia. Mtu akitubu husafika. Yeye Zuraiki atamrudishia uadilifu wake papo hapo, Hudair atashuhudia, mwanamke atakuwa huru, na kila mtu atarudi kwake kula.

Huo, ndugu zangu, ndio uliokuwa mtihani wake, na si mtihani mdogo. Lau angetakiwa kusema uongo ili apate mali, angekataa huku anapiga miayo. Aliambiwa aseme uongo mdogo, wenye adabu, ili kumwokoa mtu, tena mtu aliyemwamini. Na akikataa, si yeye atakayepelekwa Khurasani. Akasema kwamba jambo hili lina mwenyewe, naye hana budi kumuuliza.

Akarudi uchochoroni, mchana kweupe, akasimama mlangoni akamweleza Mayyasa yote. Mayyasa alikuwa anaosha sufuria. Hakuiacha.

"Ukitubia kuingia kwetu," alisema, "maana yake bwana wangu alifia mahali ambapo mtu mwema haingii, na kauli yake ya mwisho ilisikiwa na mtu aliyekuwa katika maasi. Hivyo ndivyo unavyotaka kuniacha huru, Sheikh?"

"Nataka uwe huru. Kwa njia gani, ndiyo nimekuja kukuuliza."

"Basi sikiliza. Uhuru huu nimeufanyia kazi tangu nina nywele nyeusi. Siutaki uje kwangu umeombewa radhi. Sema ulichosikia. Wakinipeleka Khurasani, nitakwenda najua kwamba walionidhulumu ni wao, si mimi niliyekubali."

Hudair akaondoka, na wapokezi wanasema usiku ule hakuomba dua ya kushinda kesi, bali aliomba ulimi usimtetereke.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Kadhi Abu Jubara alikuwa mtu wa maneno machache, mzee, aliyezoea kusikiliza huku amefumba macho, na mawakili walikuwa hawajui kama amelala mpaka awakosoe. Imamu alishuhudia, akapokewa. Alipoitwa Hudair, Zuraiki akasimama na kueleza mambo matatu aliyoyaona kwa macho yake: uchochoro, kichwa, mkate. Mrithi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu asiyehuzunika.

"Ni kweli?" aliuliza kadhi.

"Yote ni kweli, bwana kadhi. Macho ya mzakki hayana kasoro."

"Unatubu?"

"Kwa mkate, natubu. Ningeweza kukaa chini. Kichwa kuwa wazi, kilemba changu kimezikwa na Kharija, nami sitakifukua. Ama kuingia mle, sitatubu. Niliitwa nikashuhudie, nikaenda. Nikiitwa leo, nitakwenda leo, na mzakki akipenda atangulie kwenye kona anisubiri."

Watu wakanong'ona. Zuraiki akafunika uso kwa mkono, akiona kwamba mtu aliyemfungulia mlango ameamua kupita ukutani. Mrithi akaomba hukumu itolewe, kwa kuwa mtu amekiri na kukataa toba, na msafara hausubiri.

Hapo Mayyasa akaomba ruhusa ya kusema, akapewa. Akasema kwamba yeye hajui fikihi, lakini ana swali. Siku ile alikuja mahakamani kuomba mashahidi ambao neno lao hupokewa, akawakuta wamejaa, na hakuna aliyekuja. Aliyekuja ndiye leo asiyepokewa, na sababu ya kutopokewa ni kwamba alikuja.

"Sasa nielezeni, mabwana," alisema. "Watu wa mtaa wetu wafie wapi? Bwana Farrukhi aliniambia mgonjwa abebwe mpaka barabara kuu, huko atamshuhudia. Nikamwambia mgonjwa anakata roho. Akaniambia tumharakishe, basi."

Kadhi akafumbua macho. Akamgeukia Farrukhi, akamuuliza kama alisema hivyo.

Hapa wapokezi hutua kidogo, kwa sababu ilikuwa rahisi sana kukana. Kilikuwa ni kilemba kinene dhidi ya mjakazi, na hakuna aliyekuwapo kusikia isipokuwa mashahidi wenzake, ambao wakati huo wote walikuwa wanatazama kitu muhimu sana sakafuni. Farrukhi alikohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli. Kisha akasema:

"Nilisema, bwana kadhi. Niliogopa Zuraiki asinione."

Huo, wamesema wanavyuoni, ulikuwa ushahidi wake bora kuliko wote aliowahi kuutoa pale, na hakulipwa kwa huo.

Kadhi akakaa wima. Kisha akawakumbusha waliokuwapo kwamba shahidi akiitwa haruhusiwi kukataa, na kwamba amri hii haikutoka kwa kadhi wala kwa liwali, imetoka juu zaidi. Akampokea Hudair. Hudair akashuhudia alichosikia, bila kuongeza wala kupamba. Kadhi akahukumu kwamba Mayyasa ni huru tangu siku ile alipotamkiwa, na kwamba aliyemtazama meno baada ya hapo amemtazama meno mwanamke huru, na anapaswa kumwomba msamaha. Mrithi akasema, kwa upole mpya, kwamba bibi Mayyasa anakaribishwa kuendelea kukaa nyumbani kama zamani. Bibi Mayyasa akamjibu kwamba sufuria ameziacha safi, azitafutie mtu, akatoka kwa mlango mkubwa.

Akabaki Zuraiki amesimama katikati ya mahakama. Akauliza, kwa unyofu wake wote, sasa yeye awachunguze vipi mashahidi. Kadhi akamwambia aendelee kuwauliza walionekana wapi, ila kwanza awaulize waliitwa wapi wasionekane.

Haikupita muda mrefu, mtu mwingine akaja kutoka uchochoro ule ule kuomba mashahidi. Safari hii mgonjwa alikuwa mwanamke, mwimbaji wa zamani, aliyetaka kuusia vyombo vyake viuzwe, fedha wapewe mayatima. Barazani wengine wakaanza kutafuta udhuru. Kisha Hudair akainuka, na baada yake Farrukhi, huku anashikilia kilemba chake kama mtu anayevuka mto. Zuraiki aliwaona wakiingia. Alisimama pale kwenye kona, mahali pake pa siku zote, ambapo mtu huona kila anayeingia na kila anayetoka na haoni lolote la katikati. Alisimama sana. Halafu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchunguza, akaingia. Mwimbaji hakuuliza huyu ni nani. Aliona mikono miwili isiyo na kazi, akampa bakuli alishike. Na wanasema mzakki alilishika mpaka wasia ukaisha, kichwa kimeinama, bila kumtazama mtu.

Enyi ndugu, wengi wetu tumepewa kidogo cha kusimamia: karani mmoja, darasa, zamu ya wauguzi. Mfanyakazi hujua upesi mkubwa wake anatazama nini, na hicho ndicho atakachompa. Mkubwa akitazama nguo, atavaliwa nguo. Akitazama nani anachelewa kutoka, watu watakaa mpaka magharibi wakifanya kazi ya kuonekana. Naye aliye kitandani kwa mgonjwa ataandikiwa kwamba hakuwapo. Tumwombe Mola Mlezi atupe macho yanayoingia ndani, na kama hatukujaaliwa hayo, basi atupe miguu. Amin.