Kisu Kwenye Kamba

Hapo zamani paliondokea watu watatu wa Kilimanjaro, wazoefu wa theluji, wakachukuliwa na meli hadi kisiwa kimoja kusini kabisa mwa dunia. Kisiwa hicho hakikuwa na mti wala mwenyeji. Pengwini tu ufukweni, na nyuma yao vilele vya barafu ambavyo hakuna aliyewahi kuvikanyaga. Nahodha akawaambia, "Kile kirefu kuliko vyote nitakiandika kwenye ramani kwa jina la mmoja wenu. Mmoja tu."

Neno hilo "mmoja tu" ndilo lililoharibu safari.

Ndesario alitangulia, Aikande katikati, Kimambo nyuma. Kamba moja imewafunga viunoni. Ndesario alikuwa mume wa dada yake Aikande. Kimambo hakuwa ndugu wa yeyote. Ndesario akigeuka, anamtazama Kimambo. Kimambo akiinua kichwa, anamtazama Ndesario. Aikande akawatazama wote wawili, na roho yake ikakosa kutulia.

Walipokaribia kilele aliona mambo mawili. Mbele, shemeji yake amefungua fundo kiunoni, kamba ameishika mkononi tu. Nyuma, Kimambo amechomoa kisu. Aikande akanyamaza.

Mara theluji ikabomoka, Kimambo akatumbukia kwenye ufa. Kamba ikamponyoka Ndesario. Aikande akabaki peke yake, amejikita kwa visigino, kamba inamchana viganja, naye anaburutwa kuelekea ufani. Ghafla uzito ukaisha. Kamba imekatwa.

Wakamwita Kimambo. Kimya.

"Amekufa, shemeji," Ndesario akasema. "Kilele hicho hapo. Mimi naenda."

Akaenda, akafika juu kabisa. Kutoka kule akaona, pale ufa unapofungukia upande wa chini, mtu amekwama kwenye ukingo wa barafu, anapunga mkono. Akapiga kelele, "Yu hai! Shuka kushoto!" Aikande akashuka, akamtupia kamba iliyobaki, akamvuta kwa mikono ile ile inayovuja damu.

Mbele ya nahodha, Ndesario akasema, "Aliyekanyaga kilele ni mimi. Na nisingepanda, nani angemwona huyu? Kamba niliifungua baada ya kuona kisu."

"Uongo!" Kimambo akasema. "Kisu nilikichomoa baada ya kukuona umejifungua. Nilijua nikianguka, mzigo wote ni wa Aikande. Nikaikata kamba mwenyewe ili apone."

"Au ulitaka kukata kabla hujaanguka?"

"Na wewe je, uliacha maiti kule, au uliacha mtu hai?"

Nahodha akamgeukia Aikande. "Wewe ulikuwa katikati. Nani alianza?"

"Sijui," Aikande akasema. "Nilipoona, yote mawili yalikuwa yameshafanyika. Nikanyamaza, maana ningesema tungerudi chini. Lakini aliyemshikilia Kimambo ni mimi, na aliyemtoa ni mimi."

Nahodha akawatazama mmoja mmoja, kalamu mkononi, asijue aandike nini.

Haya, semeni nyinyi mliosikia: lile jina moja lilikuwa haki ya nani?