Pua ya Bi Mwanasiti na Jina la Mtoto

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, bali ule mwaka tuliosalimiana kwa viwiko, katika mtaa mmoja nyuma ya stesheni ya reli, alikuwako mwanamke aitwaye Saumu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe alikwama mji mwingine kwa sababu njia zilifungwa. Nyumbani alikaa na Bi Asya, mama mkwe wake, pamoja na Bibi Nyamvula, bibi yake mzaa mama aliyemlea tangu mchanga. Bibi alikuwa na pumu. Kila alfajiri aliomba dua moja tu, amwone kitukuu wake kabla hajaondoka duniani. Saumu akiisikia dua hiyo aliogopa, maana redio haikuchoka kusema kwamba korona huwaonea wazee wenye kifua.

Chakula chao kilipikwa na jirani, Bi Mwanasiti. Mpishi yule, jamani, haonji pilau! Hufunua sufuria, hunusa mara moja, husema, "Chumvi bado," na kweli chumvi bado. Harusi zote za mtaa zilikuwa zake kwa sababu ya pua ile.

Ijumaa moja wali ukaungua. Saumu aliisikia harufu akiwa chumbani, naye Bi Mwanasiti amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, hana habari. Watu wakacheka. Yeye akasema makaa yalizidi. Jumamosi akaja tena, akapika, akala sahani moja na Bibi na jirani mwingine, Riziki, yule mwenye maneno mengi. Jumapili hakuingia. Alisimama nje ya dirisha.

"Saumu mwanangu, siingii. Pua yangu imekufa. Nimenusa kitunguu, nimenusa bizari, nimenusa mafuta ya taa, hamna kitu. Nawaambia mjue, hata kama sitaitwa tena kwenye harusi." Akalia pale pale dirishani.

Saumu akasema, "Redio imesema pua ikipoteza harufu huenda ni korona. Basi twende tukapimwe."

"Kupimwa?" Bi Asya akaruka. "Mtaa mzima utunyooshee kidole? Chemsheni tangawizi, mnywe, mlale."

Saumu hakubishana na mama mkwe. Alichukua simu akampigia Sista Wakesho, muuguzi wa zahanati. Sista akamweleza yote. "Njooni asubuhi mmevaa barakoa, msikaribiane. Mtaandikisha jina na namba ya simu. Nitaingiza puani kijiti chenye pamba, nitakizungusha, nitahesabu mpaka kumi, kisha kitafungwa ndani ya kichupa kiende maabara. Majibu baada ya siku mbili, kwa simu. Hakuna sindano, hakuna damu."

Wakaenda, hata Bi Asya, huku ananuna. Bi Mwanasiti akapimiwa upande wake peke yake. Lakini Bibi Nyamvula alipokiona kile kijiti chini ya turubai, aligoma kabisa.

"Kirefu hivyo? Kitanitoboa ubongo. Nirudisheni nyumbani."

Saumu akambembeleza, wapi! Sista akambembeleza, wapi! Ndipo Riziki, yule aliyewahi kuruka dirisha la shule siku ya chanjo, akajitosa kitini. "Nikifa, vyungu vyangu mgawane!" Akafumba macho. Sista akahesabu. Machozi yakamtoka Riziki, akapiga chafya tatu.

"Kwisha? Hiki ndicho kilichoninyima usingizi? Bibi, kinawasha tu, utadhani umevuta pilipili!"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akakaa kitini, akapimwa.

"Sasa mkae ndani mpaka niwapigie," Sista akasema, "hata mkijiona wazima." Na yule Bi Asya aliyekuwa hataki kusikia habari za kupimwa, neno hilo alilishika kuliko wote. Alimweka Bibi chumba cha uani, madirisha wazi, Saumu akamweka cha mbele. Alimlisha Bibi na kumwogesha mwenyewe, barakoa usoni. Haingii mtu, hatoki mtu. Kaka yake wa tumbo moja alikuja kusalimia, akageuzwa mlangoni, akaondoka anatukana. Mtaa ukasema mama yule ana kiburi.

Siku ya pili simu ikalia. Bi Mwanasiti ana korona. Bibi Nyamvula anayo. Saumu, Riziki na Bi Asya hawana. Gari la wagonjwa likaja saa ile ile. Bibi alipofika hospitali kifua kikaanza kubana, lakini oksijeni ilikuwa tayari. Daktari akamwambia Saumu kwa simu, "Mngengoja siku moja zaidi, leo ningekupigia kwa habari nyingine."

Siku ya kumi na sita Bibi Nyamvula akarudi kwa miguu yake miwili! Kila mlango ulitoa vigelegele, kila dirisha likapunga kanga. Siku tatu baadaye Saumu akajifungua mtoto wa kike, na Bibi akampakata.

Siku ya saba, siku ya jina, wote walidhani mtoto ataitwa Nyamvula. Bibi akakataa. "Jina langu bado nalitumia! Mpeni jina la yule aliyenirudisha."

Bi Mwanasiti akasema, "Ni mimi niliyesema. Mpaka leo pua haijarudi, na harusi mbili zimepewa mwingine. Ningenyamaza, nani angejua?"

Riziki akasema, "Ulisema Jumapili, shoga, na wali uliungua Ijumaa! Jumamosi ukala na Bibi. Na maneno yako hayakumkalisha kitini. Niliyemkalisha ni mimi, na woga wangu mnaujua."

Bi Asya akasema, "Wewe ulikaa dakika moja, ukasifiwa mwezi mzima. Mimi niliingia chumba cha mgonjwa kila siku, nikatukanwa na ndugu yangu, na huyu mzazi hakuambukizwa ndani ya nyumba hiyo hiyo."

"Na nani alitaka tangawizi tu?" wakamjibu wale wawili kwa pamoja.

Wakacheka wote, hata Bi Asya, kisha wakamgeukia Saumu. Saumu aliwatazama wanawake watatu waliomrudishia bibi yake, akawapenda wote, na hapo ndipo palipomtatiza. Akamwinua mtoto, akatamka jina moja. Vigelegele vikalizamisha, nami nilisimama mbali, sikulisikia.

Basi niambieni nyinyi mliokuwa mnasikiliza: aliyekiri, aliyethubutu, au aliyefunga mlango? Je, mtoto yule alistahili jina la nani?